Ghala Juu ya Makaburi

Mzee Eliufoo alikutwa alfajiri amelala kifudifudi juu ya kaburi la mama yake, kisogo kimepasuka. Pembeni spana kubwa ya trekta, ina damu na nywele za mvi.

Inspekta Novatus wa Same alipofika pale mlimani juu ya Hedaru, watu walishamfunga dereva wa trekta kamba kama mbuzi wa mnadani. Iddi, kijana wa Kigoma aliyetoka mashamba ya mkonge. Mdomo umevimba kwa kipigo.

"Spana ya nani?"

"Yangu, afande. Inakaa kwenye trekta."

"Trekta linalala wapi?"

"Uani kwa mwenyekiti wa kijiji."

"Umemuua mzee?"

"Nimuue kwa lipi? Niliambiwa nisawazishe pori, lijengwe ghala la ujamaa. Nakuja nakuta kina mama wamekaa juu ya makaburi na majembe yao. Nikazima injini. Wakanipa na makande!"

"Kweli," akasema Priska, mjane wa marehemu. Sauti ilikuwa kavu. "Huyu mtoto alikataa kutupitia na trekta."

Ukoo mzima ulikuwa unapokezana zamu kukaa pale kuzuia trekta. Mzee Eliufoo ndiye aliyewapanga. Leo mkuu wa wilaya alikuwa aje, na mzee alitangulia peke yake kufyeka majani ili makaburi yaonekane.

Novatus akaigeuza maiti. Ngumi ya kulia ilikuwa imefumbatishwa. Akaifungua. Ndani mlikuwa na jani la isale limepigwa fundo.

Priska akaziba mdomo.

Novatus alikuwa Mhaya, lakini alishakaa Upareni vya kutosha. Masale yanapandwa makaburini na mipakani. Na ukimkosea ndugu yako, unampelekea jani la isale lenye fundo, akusamehe.

Akamwonyesha Iddi. "Hiki nini?"

"Jani, afande." Iddi akababaika. "La mbuzi?"

"Mfungueni huyu."

"Unamwachia muuaji!" Mwenyekiti Tumainieli akajitokeza mbele, suti ya Kaunda imenyooka. Marehemu alikuwa mdogo wa baba yake. "Wakuja hawa ndio wanatuharibia kijiji!"

Novatus alikuwa na kadi ya chama mfukoni, na aliiamini. Ndiyo maana alimkazia macho mwenyekiti.

"Nani aliwaambia wilayani kwamba hapa ni pori?"

"Kamati."

"Kamati gani, Tumainieli?" Priska akafoka. "Ilikaa lini?"

"Mama mdogo, haya mambo huyajui."

"Mimi nayajua," Novatus akasema. "Aliyeua aliomba msamaha kwa maiti. Dereva hajui isale wala fundo lake. Ndugu wengine wote walikuwa upande wa mzee. Amebaki ndugu mmoja aliyekuwa anagombana naye, na spana ililala uani kwake. Sema!"

Tumainieli akatazama huku na huku. Hakuna aliyemsogelea.

"Nilimsihi," akasema. "Nilishawaambia wakubwa hapa hakuna kaburi hata moja. Nilishaahidiwa cheo wilayani. Yeye anasema leo atamwonyesha mkuu wa wilaya kaburi moja moja, na majina! Akanigeuzia mgongo, akapiga magoti kung'oa majani. Nikampiga."

"Spana uliibeba ya nini?"

Tumainieli akanyoosha kola ya suti.

"Nakuuliza!"

"Nilijua atakataa."

"Halafu ukamwekea jani."

"Ni baba yangu mdogo, Inspekta!"

"Ulimuua kwanza ndio ukakumbuka?"

Priska akamsogelea mpaka pumzi zikagusana. "Kule chini uwanda mzima upo wazi. Kwa nini ghala lisijengwe kule? Hapa amelala hata baba yako mzazi. Kwa nini hapa?"

Tumainieli akainamisha kichwa.

"Hapa litaonekana toka barabara kuu. Wakubwa wakipita na magari yao walione, waulize nani kalijenga."

Mwanamke mmoja akatema mate chini. Iddi, midomo yake inavuja damu, akasonya.

Novatus akamtia pingu. Konstebo akafungua mlango wa Landrova.

"Funga huo mlango," Novatus akasema. Akamsukuma mwenyekiti kwenye njia ya kushuka Hedaru, ambako ilikuwa siku ya gulio, malori na mabasi yamejaa barabara kuu. "Si ulitaka kuonekana? Tembea."