Mbuzi Mtoro wa Mzee Singano

Kinasakumbukumbu kilinguruma taratibu, na kwenye kioo chake mbuzi mweupe wa vidoti vya mwanga akaanza kujichora, pembe kwanza, halafu miguu. Mhandisi Siwema alimtazama bila furaha. Zamani, kila mchezo uliofufuka ulimfanya apige makofi peke yake maabarani. Siku hizi alichotaka ni kuvua viatu tu.

Jiji la Korogwe lilijaa mashine za kila namna, lakini hii ilikuwa moja tu nchini. Michezo ya kompyuta za kale, zile zilizochomekwa kwenye televisheni ya sebuleni, ilikuwa imeoza pamoja na kaseti zake. Iliyobaki ilikuwa vichwani mwa wazee walioicheza utotoni, na kinasakumbukumbu kiliifuata humo humo. Ubaya wake ni kwamba hakikunakili, kilihamisha. Kilichochukuliwa hakikurudi tena kichwani.

Chini ya kofia ya nyaya alisinzia Mzee Singano. Asubuhi Siwema alikuwa amemweleza habari hiyo ya kuhamisha, na mzee hakutishika.

"Chukua tu, mwanangu. Mimi ni wa leo au kesho. Na wala simwokoi mbuzi, namwokoa Hatibu."

Hatibu alikuwa mdogo wake, aliyefariki kwa homa angali mtoto. Picha yake haikuwepo hata moja, na waliomjua walikuwa wamekwisha wote isipokuwa kaka yake. Nyumbani kwao kulikuwa na kibodi moja na ugomvi usiokwisha, mpaka mama yao akaamua wagawane: Singano amkimbize mbuzi kwa mkono wa kushoto, Hatibu amrushe mitaro kwa kidole chake. Tangu hapo walicheza bega kwa bega, muhogo wa kuchoma katikati.

"Mchezo ukitoka, naye atatoka," mzee alisema kwa uhakika.

Siwema alijua sivyo. Mashine ilichuja: ilichukua mchezo, na yote yaliyoshikamana nao ikayafuta kama takataka. Alipaswa kusema. Lakini alikwisha kubishana na wazee wengi mno, wote wakang'ang'ania, na siku ile alichoka. Akamvisha kofia tu.

Sasa mzee alifumbua macho.

"Waonaje, mzee wangu?"

"Salama. Kichwa chepesi."

Alimsogezea kibodi. Mkono wa kushoto wa mzee ukaenda wenyewe kwenye vitufe, mbuzi akatimua mbio, akatumbukia mtaroni. Akaanza upya, akatumbukia tena. Mkono wa kulia ulikuwa umelala mapajani, hauna habari.

"Mbuzi wenu mbovu huyu," mzee alisema. "Haruki."

Siwema alivuta kiti, akaketi karibu naye, akaweka kidole kwenye kitufe cha pili. Mbuzi akaruka mtaro wa kwanza, akaruka na wa pili. Mzee Singano akacheka kidogo, kisha akamgeukia.

"Kumbe ni mchezo wa watu wawili?"

"Wa watu wawili, mzee wangu."

"Basi mimi nilikuwa nikicheza na nani?"

Siwema aliizima mashine. Akamshika mzee mkono, akaanza kumsimulia habari za Hatibu, yote aliyoyasikia asubuhi ile. Hayakuwa mengi.