Kiu ya Mchimba Visima

Ekseli ilikatika kwa mlio wa mti mkavu. Lori likateleza ukingoni mwa korongo, likatua chini kwa ubavu, mabomba ya kuchimbia yakimwagika mchangani. Fundi alitoka dirishani, kisha akamvuta mama mkwe wake. Muundi wa mama ulikuwa umechanika hadi mfupa ukaonekana.

"Pole, Mama. Pole sana."

"Pole baadaye, mwanangu. Funga kwanza."

Alichana shati lake, akafunga kwa nguvu. Ndipo akakumbuka maji.

Fundi hakuwa na desturi ya kubeba maji mengi ya kunywa. Tangi la lori lilikuwa kisima chake cha njiani. Safari hii, kwa haraka ya kuanza kuchimba jioni ile ile watakapofika, alikuwa amekwisha koroga udongo na dawa ya povu vya kulainishia uchimbaji humo tangini kabla ya kuondoka. Tangi lilijaa tope. Maji ya kunywa yalikuwa nusu dumu.

"Mganga hajigangi," mama alisema, akicheka huku ameuma meno. "Mchimba visima afe kwa kiu! Waombolezaji watashindwa kulia."

Waumini wa kanisa waliokuwa wakikisubiri kisima wangewatazamia kwenye barabara kuu. Hawakujua kwamba Fundi alikata njia ya mkato. Simu haikushika mtandao.

Jioni nzima hakutulia. Alipanda ukingo, akashuka. Alifungua boneti, akaifunga. Alichimba kwa koleo kwenye kona ya korongo, na mchanga mkavu ukawa unarudi shimoni.

"Keti, mkwe. Nachoka kwa kukutazama tu."

"Mungu kanipa miguu, Mama."

"Na mimi kanipa. Huoni mmoja unavyochapa kazi?"

Kisha mama akafumba macho. "Bwana, tuko mikononi mwako. Upendavyo wewe." Fundi alisema amina huku akikadiria umbali wa barabara.

Kulipopambazuka mguu ulikuwa umevimba na mama alikuwa na homa.

"Nikielekea jua linakochomoza nitaikuta barabara," Fundi alisema.

"Unajua, au unabahatisha?"

Fundi alikaza kamba za viatu.

"Ukienda, nitakuombea. Ukikaa, ukae kweli."

Alijaza chupa moja, akaliacha dumu karibu na mkono wa mama kivulini mwa lori, akaenda. Mchanga ulimeza viatu vyake. Miiba ilimchana mapaja. Alipofika juu ya mwinuko aliotumaini kuonea barabara, aliona tambarare nyeupe isiyo na mti wala vumbi la gari. Mbele zaidi kulikuwa na mwinuko mwingine. Miguu ikaanza kuuendea yenyewe.

Akaizuia kwa kukaa chini.

"Bwana," alisema, ulimi ukigandamana na kaakaa, "maisha yangu yote nimekuletea mipango upige muhuri tu. Na huu wa leo ni wangu, si wako. Sijui njia. Yule mama ni wako, na mimi pia. Nakuachia wewe."

Hakuna sauti iliyomjibu. Hofu ilibaki pale pale kifuani. Aligeuka nayo, akarudi.

Kivuli cha lori kilikuwa kimehama. Mama alilala juani, midomo imepasuka, vidole vikichimba mchanga kuelekea dumu alilolikosa kwa shubiri moja. Fundi alimkokota hadi kivulini, akamdondoshea maji kidogo kidogo.

"Umeiona barabara?"

"Sikuiona."

"Basi umerudi na nini?"

"Nimerudi tu, Mama."

Alimwagia tairi la akiba dizeli, akalichoma. Moshi mweusi ulipanda. Kila msuli ulimtaka apande ukingo kuchungulia. Alikaa. Alikiweka kichwa cha mama pajani, akampepea kwa kofia.

Jua lilikuwa limeanza kuinama aliposikia injini upande alioupa mgongo asubuhi ile. Shemasi wa lile kanisa aliteleza ukingoni na dumu begani, akifuatwa na wanawake wawili.

"Tulikuwa tunageuza gari turudi, ndipo tukauona moshi! Fundi, kunywa!"

"Mama kwanza."

Walimbeba mama hadi juu, wakamlaza nyuma ya pikapu, naye Fundi akakaa kando yake. Shemasi alishika usukani, akaenda kushoto, mbali na upande ambao Fundi angeuchagua yeye. Mkono wa Fundi uliinuka kuelekeza. Ukasita hewani, kisha ukashuka taratibu, ukaushikilia mguu wa mama usigongwegongwe na mabonde.