Nyumba ya Mama Kwenye Mpaka

Kila asubuhi, kabla ya kuteremka mtoni kuteka maji, Makandi alipita kwanza kwenye korongo. Alikuwa amechomeka kijiti ukingoni. Kila mvua kubwa ilipokwisha, kijiti hakikuwepo. Alichomeka kingine, nacho kikawa karibu zaidi na nyumba ya mama mkwe wake.

Ilikuwa Septemba, mwaka wa 1985. Huko kwenye mteremko wa juu ya Mitunguu, watu hawakuwa wamesahau njaa ya mwaka uliotangulia na yale mahindi ya manjano ya msaada. Kila mtu aliingoja mvua ya Oktoba. Makandi pia aliingoja, lakini kila alipoona wingu alilitazama korongo.

Korongo lilikuwa kati ya mashamba mawili. Upande mmoja lilikuwa shamba la mumewe, Kiambi, baba wa mwanawe Mwongera. Upande wa pili lilikuwa la Salesio, kaka yake Kiambi. Yote mawili yalikuwa marefu na membamba, kuanzia barabarani juu kilimani hadi mto Thingithu chini. Ndivyo marehemu baba yao alivyoyagawa. Kati ya mashamba hayo ilipita njia ya miguu, na njia hiyo ndiyo ilikuwa mpaka.

Na juu ya mpaka wenyewe ilisimama nyumba ndogo ya mama yao, Karambu. Chumba kimoja kilikuwa katika shamba la Kiambi, cha pili katika la Salesio.

"Nilizaa wawili," Karambu alipenda kusema. "Nikihamia kwa mmoja, mwingine ataambiwa hana mama."

Korongo lilianzia mtoni likapanda polepole. Sasa lilikuwa limefika mbele ya mlango wake.

Asubuhi hiyo Karambu alikuwa ameketi kizingitini, akipepeta maharagwe.

"Umeamkaje, Mama?" Makandi aliuliza.

"Nimeamka. Na wewe umekuja tena kupima kaburi langu?"

"Mama, usiseme hivyo. Njoo ulale kwetu hadi mvua iishe."

"Na Salesio nitamwambia nini? Nenda ukateke maji, mama Mwongera. Mtungi haujai kwa kutazama shimo."

Makandi alikwenda, lakini akili yake ilibaki kule juu.

Jioni alimwambia mumewe. Kiambi alikuwa akinoa jembe. Hakuinua kichwa.

"Hilo korongo nililijaza migomba na mawe mwaka juzi," alisema. "Mvua ilibeba yote. Unataka nifanye nini tena?"

"Zungumza na kaka yako."

"Maji yale ni ya Salesio. Yeye ndiye aliyechimba mfereji wa kuyatupa njiani."

"Na wewe hukuchimba wako?"

Kiambi aliendelea kunoa. Ni kweli alikuwa amechimba. Mistari ya mahindi yake ilishuka kutoka juu hadi chini, ikiwa imenyooka vizuri, naye aliionea fahari. Maji yalipofuata mistari hiyo, aliyasukuma kwenye njia. Salesio alifanya vivyo hivyo. Kila mmoja aliona kwamba maji yakishafika njiani si yake tena.

"Isitoshe," Kiambi alisema, "wazee walikataza jembe kugusa mpaka. Nikichimba pale, Salesio atasema namwibia ardhi. Hatujasalimiana tangu siku ile wazee walipotuamua na kupanda miti ya mpaka. Unataka twende tena mbele ya wazee?"

Juma lile kikundi cha akina mama kilikutana katika uwanja wa kanisa. Walitembelewa na afisa wa kilimo, mwanamke aliyeitwa Nelius, mzaliwa wa upande wa Embu. Makandi hakungoja chai. Mkutano ulipokwisha tu, alimshika Nelius mkono.

"Madam, twende ukaone. Tafadhali, leo hii."

Nelius alitazama anga. "Una haraka kama mtu aliyeacha chungu motoni."

"Ni nyumba niliyoiacha, madam."

Walipofika, Nelius alilitazama korongo. Alitembea kutoka barabarani hadi mtoni, kisha akapanda tena. Halafu akaomba jembe na ndoo ya maji. Alikwaruza mstari mdogo kutoka juu kwenda chini, akamimina maji kidogo. Maji yakakimbia, yakawa mekundu.

"Huo wekundu ni nini?" aliuliza.

"Ni udongo," Makandi akajibu.

"Ndio udongo wako mzuri, ule wa juu wenye mbolea. Unakwenda mtoni." Kisha akakwaruza mstari mwingine, huu ukikata mteremko kutoka kushoto kwenda kulia. Akamimina maji. Maji yalisimama mle, yakanywea taratibu ardhini.

Karambu alikuwa akitazama kutoka mlangoni. "Hiyo mitaro naijua," alisema. "Tuliichimba wakati wa mzungu, askari amesimama na kiboko. Uhuru ulipokuja, mzee wangu aliifukia yote huku akiimba."

"Pole, Mama," Nelius alisema. "Mtu akilazimishwa, hata kitu kizuri hukichukia. Simlaumu mzee."

Karambu alimtazama kwa makini, kisha akarudi kwenye maharagwe yake.

Nelius alimgeukia Makandi. "Sikiliza. Usianze na korongo. Mumeo alilijaza migomba, na maji yakaja kwa nguvu ileile. Anza na maji yanayoliingia. Juu ya nyumba hii tuchimbe mtaro unaokata mteremko. Tuuinamishe kidogo tu, ili maji yatembee, yasikimbie. Yataishia pale." Alionyesha kwa kidole uwanja wa majani mazito, mahali Salesio alipofungia ng'ombe. "Majani yale yatayapokea na kuyasambaza."

"Lakini pale ni kwa shemeji yangu."

"Ndiyo. Mtaro lazima uvuke mpaka. Uwanja wa majani uko kwake, maji ni yenu nyote. Nitarudi na kifaa cha kupimia. Usichimbe kabla shemeji yako hajakubali. Umenisikia?"

"Nimesikia, madam."

Siku iliyofuata, Makandi alikwenda kwa Salesio. Alimkuta akikata kuni.

"Shemeji, habari za hapa?"

"Nzuri. Nani amekutuma?"

"Hakuna aliyenituma. Ni habari ya mama na lile korongo."

"Mwambie Kiambi aje mwenyewe. Ameshindwa kutembea? Au anataka mke wake ndiye anihamishie mpaka?"

Makandi alirudi kwa hasira. Alimwambia Kiambi. Kiambi naye akasema hawezi kumbembeleza mtu. Mawingu yalianza kujikusanya upande wa Mlima Kenya, kila alasiri yakiwa meusi zaidi. Makandi alipika akiyatazama, akafua akiyatazama. Chakula kiliungua.

Hatimaye alishindwa kuvumilia. Alichukua jembe, akaanza kuchimba mtaro juu ya nyumba ya mama, katika shamba la mumewe. Alijua alichoambiwa. Lakini mtu mwenye wasiwasi huona afadhali mikono ifanye kitu. "Nikifika mpakani," aliwaza, "Salesio ataona kazi, ataona aibu."

Alichimba hadi mpakani. Akasimama hapo. Salesio hakuonekana.

Kesho yake mchana mvua ilinyesha. Ilikuwa ya kwanza, nayo ilikuwa nzito. Makandi alitoka mbio akiwa amejifunika gunia. Mtaro wake ulikuwa umefanya kazi vizuri kupita kiasi. Ulikusanya maji ya shamba zima la Kiambi, ukayaleta mpakani, na kwa kuwa hapakuwa na njia nyingine, ukayamwaga yote kwenye ile njia ya miguu. Maji yalipita kando ya ukuta wa mama yakinguruma, yakaangukia korongoni.

"Mama! Toka nje!"

Karambu alitoka akiwa amebeba kuku wake kifuani. Mara ukingo ukakatika. Banda la kuku na jiwe alilozoea kukalia vilizama pamoja na udongo. Kizingiti kilibaki kikining'inia.

Makandi alirukia mtaro, akauziba mdomo kwa udongo na mawe, akilia na kujilaumu. Kelele zilimleta Kiambi. Zilimleta Salesio pia. Ndugu hao wawili walisimama pande mbili za korongo, mvua ikiwapiga, kila mmoja akimtazama mama.

"Ni mimi," Makandi alisema. "Niliambiwa nisichimbe, nikachimba."

"Ulichimba kwa sababu wanaume wawili walikuwa wameketi," Karambu alimjibu. Kisha akawageukia wanawe. "Haya. Nionyesheni mpaka wa baba yenu."

Walitazama mahali njia ilipokuwa.

"Kiambi! Miti ya mpaka iko wapi?"

Kiambi alichungulia korongoni. Miti ilikuwa mle chini, mizizi juu.

"Salesio, wewe nawe ulisema Kiambi asikuhamishie mpaka. Mpaka wako mbona siuoni?"

"Umekwenda na maji, Mama," Salesio alisema kwa sauti ndogo.

"Mpaka uko Thingithu, ninyi mko hapa mmenuniana. Na mimi nilale wapi leo, mtoni?"

Salesio alifuta uso. Akavuka korongo upande wa juu, akamfikia Kiambi. "Jembe lako ni kali?" aliuliza.

"Nililinoa," Kiambi akasema.

"Basi lilete. Tuwaite wazee kesho waone kwamba hakuna anayeiba. Lakini maji hayatangoja wazee. Leo tuyaongoze kwenye majani yangu."

Nelius aliporudi, alikuta wazee wamekaa kwenye magogo na wale ndugu wakichimba. Alileta fito tatu zilizofungwa kama herufi A, na jiwe lililoning'inia kwa uzi katikati. "Jiwe likikaa katikati ya fito hii ya kulala, miguu miwili iko sawa," aliwaeleza. Walirekebisha mtaro wa juu, ukavuka mpaka hadi kwenye majani. Chini ya nyumba walipima mistari mingine, hii ikiwa sawa kabisa, kukata mashamba yote mawili.

Kiambi alianza kuutupa udongo chini ya mtaro.

"Juu, baba Mwongera!" Nelius alisema. "Tupa juu. Ndiyo maana watu huuita fanya juu. Udongo ukiwa upande wa juu unakuwa ukuta. Maji yakishuka yanauacha udongo nyuma ya ukuta, na mwaka hadi mwaka shamba linalala kama ngazi."

Juu ya kuta walipanda majani marefu ya napia, ili mizizi ishike udongo na ng'ombe wapate chakula. Mahindi waliyapanda kwa mistari inayokata mteremko. Kiambi alilalamika kwamba mistari imepinda kama mkia wa nguruwe, Salesio akacheka hadi akaketi. Ndani ya korongo walisimamisha vigingi, wakavisuka kwa matawi, safu chini ya safu, ili kupunguza nguvu ya maji yaliyobaki na kunasa udongo. Hapo pia walipanda napia. Karambu aliomba jembe, akachimba kidogo. "Leo hakuna askari," alisema, akamrudishia Makandi.

Mvua ya Oktoba ilinyesha hadi Desemba. Mahindi ya mistari iliyopinda yalibeba vizuri, hata pale kwenye mteremko mkali palipokuwa pakitoa mabua matupu. Siku za jua maji yaliyonywea mitaroni yaliendelea kuyalisha.

Aprili iliyofuata, mvua kubwa ilipiga alasiri nzima. Ilipokatika tu, Makandi alitoka mbio kama zamani. Alifika mbele ya nyumba ya mama. Kijiti hakikuonekana. Alipiga magoti, akaanza kupekua napia iliyomzidi kimo, maji yakimchuruzika mikononi.

Karambu alitokea mlangoni. Kizingiti kilikuwa kimejengwa upya, upande mmoja na Kiambi, upande wa pili na Salesio.

"Unatafuta nini humo kama kuku anayetaka kutaga?"

Makandi aliinama zaidi. Alitenganisha majani tena. Kijiti kilikuwa palepale alipokichomeka, kimesimama, na udongo umepanda hadi katikati yake.

Alikishika, akakitikisa. Hakikutikisika. Akaketi chini kwenye majani mabichi, akaanza kucheka.

"Ingia ndani, mama Mwongera," Karambu alisema. "Uji unapoa."

Makandi aliingia. Safari hii hakugeuka kutazama nyuma.