Kiredio Cheusi cha Afande

Kila siku masomo yalipokwisha, wenzake wakikimbilia lango, Aol alikwenda ofisi ya walimu, akafuta vumbi la kompyuta kwa mkono wa sweta yake, akaiwasha. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake tangu muhula uanze. Mwalimu Dolphine, aliyefundisha muziki, alimchagua kwa sababu alikuwa mwepesi wa kujifunza kompyuta na hakuchoka upesi. Nyimbo zote za kikundi cha ngoma cha shule zilihifadhiwa humo, na Aol, msichana wa miaka kumi na miwili, ndiye aliyezitunza.

Kikundi chenyewe kilifundishwa na Mzee Ogwal. Zamani alikuwa sajini katika bendi ya polisi. Sasa alikuwa amestaafu, na macho yake yalikuwa hayaoni kabisa, lakini pale mtaani kwao, Luzira, kila mtu bado alimwita Afande. Mfukoni mwa shati alibeba kiredio cheusi cha kuwekea nyimbo, kidogo kama kiberiti, kisicho na kioo wala maandishi, ila vitufe vitatu tu. Alikiunganisha kwa waya kwenye spika kubwa, akabonyeza, na watoto wakacheza. Kulikuwa na kiredio kingine kama hicho, chekundu, cha kufanyia mazoezi ya wapiga ngoma. Hicho alikitunza kiongozi wao, Wasim.

Jambo moja lilimuudhi Aol kila alipofungua kompyuta. Nyimbo hazikuwa na majina. Zilikuwa 02, 03, 04, hivyo hivyo mpaka 20.

"Nyimbo zimepewa namba kama wafungwa!" alinung'unika. Mama yake alikuwa askari magereza, kwa hiyo alijua alichokisema.

Alhamisi moja umeme ulikatika nyumbani kwa Afande, naye akamwomba Aol amchajie kiredio shuleni. Ilikuwa siku moja tu kabla ya Siku ya Wazazi, ambapo mkuu wa shule angechagua kama ni kikundi cha ngoma au kwaya kitakachokwenda kwenye tamasha la Nakawa. Aol alikichomeka kiredio kwenye kompyuta. Kisha akaona hii ndiyo nafasi yake. Alisikiliza nyimbo moja baada ya nyingine, akafuta zile namba, akaandika majina ya ngoma zenyewe: Apiti ya Kwanza, Apiti ya Pili, Baakisimba, Bwola, Dingidingi. Kompyuta yenyewe ikazipanga kwa kufuata alfabeti. Ikapendeza kuitazama!

Kilichobaki ni kulandanisha, yaani kufanya yaliyomo katika kiredio yawe sawasawa na yaliyomo katika kompyuta. Alipobonyeza, kompyuta ikaleta maneno marefu ya onyo. Aol hakuyasoma hata nusu. Akabonyeza kukubali.

Alitoka mbio, akamkuta Wasim akifunga ngoma kwa turubai.

"Wasim, lete hicho chekundu nikipange."

"Afande amesema?"

"Afande ana kazi gani na majina ya nyimbo? Lete!"

"Hajasema. Sitoi. Kifaa ni chake."

"Sema tu wewe ni mvivu. Kutembea mpaka ofisini kunakushinda."

"Haya, mimi mvivu," Wasim akacheka. "Na wewe Profesa. Basi nipe hicho cheusi nimpelekee, mimi napita kwake."

Aol alimpa kwa kukirusha. Alikasirika mpaka akasahau kusema asante.

* * *

Ijumaa uwanja wa shule ulijaa. Mama yake Aol, Joska, alikuja moja kwa moja kutoka kazini, bado amevaa sare. Aol alisimama mbele ya wachezaji, njuga miguuni, akingoja ngoma ya kuingia. Afande aliketi karibu na spika, kidole gumba juu ya kiredio.

Alibonyeza. Badala ya ngoma ya kuingia ikatoka apiti, ngoma ya taratibu ya wasichana. Wavulana wakasimama kama miti. Afande akakunja uso, akazima, akabonyeza tena, mara nne, upesi upesi. Huo ungekuwa wimbo wa larakaraka. Ikatoka bwola. Nusu ya wachezaji wakaanza kucheza, nusu wakageuka kutazamana, na msichana mmoja akamkanyaga mwenzake wakaanguka wote wawili. Wazazi wakacheka. Afande akabonyeza tena na tena, na kila kilichotoka hakikuwa alichokitaka.

"Zima tu, Mzee!" mtu mmoja akapaza sauti. "Hiyo redio imelewa!"

Watu wakaangua kicheko. Afande akachomoa waya. Akauviringisha polepole mkononi, akauweka mfukoni, akasimama.

"Mwalimu Dolphine," alisema, "miaka thelathini ya kazi, sijawahi kuchekwa uwanjani. Mimi basi. Tafuteni mtu mwenye macho."

Akaondoka, fimbo yake ikigonga chini.

Aol alipandwa na hasira. Alimwendea Wasim pale pale, mbele ya wazazi, mbele ya shule nzima.

"Ni wewe! Kiredio nilikupa kizima! Ulikichezea njiani, ukakiharibu!"

"Mimi? Sikubonyeza hata kitufe kimoja."

"Mwongo! Una wivu kwa sababu Mwalimu alinichagua mimi. Mharibifu!"

Wasim alifungua mdomo, lakini watoto walikuwa wameshalidaka lile neno. "Mharibifu! Mharibifu!" Yeye akatazama chini, akaziacha ngoma zake pale pale, akatoka langoni.

Mwalimu Dolphine alizungumza na mkuu wa shule, akarudi akiwa hana furaha. "Tumepewa mpaka Jumatatu asubuhi, kwenye paredi," alisema. "Lakini bila Afande, sijui tutacheza nini."

* * *

Jioni ile Aol alibamiza sufuria, akabamiza vikombe, akabamiza mlango. Mama yake alikuwa akipaka viatu vyake rangi. Alimwacha kwa muda, halafu akaweka brashi chini.

"Vyombo vyangu vimekukosea nini?"

"Ni Wasim, Mama! Ameniharibia kila kitu, na Afande ameondoka kwa sababu yake!"

"Ulimwona akiharibu?"

"Kiredio kilikuwa kwake!"

"Nimekuuliza, ulimwona?"

Aol akaigeukia sufuria.

"Nisikilize vizuri," Joska alisema, na sasa sauti yake ilikuwa ya kazini. "Mimi nafanya kazi na watu waliofungwa. Hakuna hakimu anayemfunga mtu kwa sababu amekasirika. Anataka ushahidi. Wewe leo umemhukumu mtoto wa watu mbele ya uwanja mzima, na ushahidi wako ni hasira. Kesho nenda ukautafute wa kweli. Na usinivunjie vikombe."

"Nitaupata," Aol alijibu kwa jeuri. "Utaona!"

Jumamosi asubuhi alikwenda kwa Afande. Alimkuta mlangoni, amekaa kwenye kigoda akimenya karanga.

"Habari za asubuhi, Afande."

"Ni Aol. Umekuja kufanya nini? Nilisema basi."

"Nataka kukiangalia kiredio. Nataka ushahidi kwamba Wasim ndiye aliyekiharibu."

Afande aliendelea kumenya karanga kwa hasira, maganda yakiruka. Kisha akakitoa kiredio mfukoni.

"Sikia jinsi ninavyokitumia," alisema. "Sioni, kwa hiyo nahesabu. Bonyeza mara moja, ngoma ya kuingia. Mara nne, larakaraka. Mara tisa, otole. Kidole changu kinajua. Ndiyo sababu kila wimbo una namba yake. Sasa bonyeza, uniambie kuna nini humo."

Aol akabonyeza. Apiti ya kwanza. Akabonyeza tena. Apiti ya pili. Halafu baakisimba. Halafu bwola. Kabla hajabonyeza mara ya tano, mdomo wake ukasema wenyewe, polepole, "Dingidingi." Akabonyeza. Ikalia dingidingi.

Huu haukuwa uharibifu wa Wasim. Huu ulikuwa mpangilio wake yeye, wa majina yake mazuri, herufi baada ya herufi. Zile namba alizozifuta zilikuwa ndiyo macho ya Afande.

"Mbona kimya?" Afande akauliza. "Umeupata huo ushahidi?"

Hakuna aliyejua. Afande hakuuona uso wake. Angeweza kusema ndiyo, akaenda zake, na Wasim akabaki na lile jina. Aol aliyatazama maganda ya karanga. Hasira yote ya jana ilikuwa bado imo ndani yake, lakini sasa haikuwa na pa kwenda ila kwake mwenyewe.

"Nimeupata, Afande," alisema. "Ni mimi."

Akamweleza yote: namba, majina, kulandanisha, na yale maneno ya onyo ambayo hakuyasoma. Afande alisikiliza. Mikono yake iliacha karanga.

"Na ngoma ya kuingia iko wapi?"

Aol akabonyeza mpaka mwisho, akarudi mwanzo. Haikuwemo. Ndipo akaelewa onyo lile lilihusu nini. Ngoma ile haikuwahi kuwekwa kwenye kompyuta, na kiredio kilipolandanishwa, kilifuta kila kitu ambacho kompyuta haikuwa nacho.

"Imefutika," alinong'ona.

Afande akasimama, kigoda kikaanguka. "Imefutika? Ile ngoma ni ya Kidega, ndugu yangu! Nilimrekodi mwenyewe Krismasi iliyopita, kule kwetu Kitgum. Mwezi wa pili tulimzika. Nani alikuambia upange? Nilikuambia uchaji! Uchaji tu!"

Aol hakuwahi kumsikia akipiga kelele hivyo. Machozi yakamtoka, lakini katikati ya kilio akakumbuka jambo.

"Chekundu, Afande! Ngoma ya kuingia imo kwenye chekundu? Wasim alikataa kunipa!"

Afande akatulia kidogo. "Imo. Baba yake aliinakili dukani kwake, ili wapiga ngoma waifanyie mazoezi. Kwa nini alikataa?"

"Alisema... alisema wewe hujasema. Kifaa ni chako."

Mzee alikitafuta kigoda kwa mkono, akakaa.

"Basi nenda kwake," alisema. "Nenda mwenyewe. Usimtume mtu."

* * *

Duka la Mzee Tajudin, baba yake Wasim, lilikuwa katika soko la Nakawa, limejaa redio, chaja na waya za kila aina. Wasim alikuwa nyuma ya meza. Alipomwona Aol, akageuza uso.

"Mharibifu hayupo," alisema.

"Wasim, nimekosa. Ni mimi niliyefuta namba za Afande. Wewe hukufanya lolote."

"Nilikuambia! Jana mpaka mtoto wa chekechea amenifuata akiniita Mharibifu. Mbele ya baba yangu!"

"Najua. Nisamehe. Naomba chekundu, ngoma ya Kidega imebaki humo tu."

Wasim alikitoa kiredio chekundu, lakini hakukiachia.

"Nakupa kwa ajili ya Afande, si kwa ajili yako," alisema. "Lakini jina langu uliliharibu uwanjani. Utalitengenezea hapa, nyuma ya redio, ambapo hakuna anayesikia?"

Mzee Tajudin alikohoa, akajifanya anapanga waya. Hakumtetea Aol hata kidogo.

"Hapana," Aol alijibu. "Jumatatu. Paredi."

Mchana huo Mwalimu Dolphine alifungua ofisi. Walimleta Afande, akaketi karibu na kompyuta. Aol alinakili kila kitu kutoka kwenye kiredio chekundu, na safari hii alisoma kila onyo kwa sauti, mpaka nukta ya mwisho, kabla ya kubonyeza. Namba zikarudi, jina likifuata nyuma ya namba: 01 Ngoma ya Kuingia, 04 Larakaraka. Kisha Afande akakishika kiredio chake cheusi, akabonyeza mara moja. Ngoma ya Kidega ikalia. Aliisikiliza mpaka ilipokwisha.

* * *

Jumatatu asubuhi Aol alisimama mbele ya shule nzima. Njuga zilimlilia miguuni kila aliposogea.

"Ijumaa nilisema Wasim ni mharibifu," alianza.

"Sauti!" mtu akadai kutoka nyuma.

Aol akavuta pumzi. "Wasim hakuharibu chochote!" alisema kwa nguvu, mpaka wapishi wa posho ya mchana wakatoka jikoni kutazama. "Mharibifu ni mimi. Niligusa kazi ya Afande bila kumwuliza, nikamsingizia mwenzangu. Wasim, nisamehe. Afande, nisamehe."

Wasim akazivuta ngoma zake, akaketi nyuma yake, akachukua vijiti. "Profesa," alimwita, "unacheza au unahutubia?"

Watoto wakacheka, na hakikuwa kicheko cha Ijumaa. Afande akabonyeza mara moja, na ngoma ya kuingia ikajaa uwanja. Alipobonyeza mara nne, hakuna aliyekosea hatua. Mkuu wa shule hakungoja mwisho. Alimwinamia Mwalimu Dolphine na kumwambia aagize basi la kwenda Nakawa.

Walipomaliza, Afande aliwaita Aol na Wasim kwenye spika.

"Aol, bado nina hasira na wewe kidogo," alisema. "Itakwisha. Lakini mshike hili, nyote wawili. Kazi ya mtu inaweza kuonekana mbaya machoni pako, kumbe imepangwa hivyo kwa sababu. Muulize kwanza. Na ukikasirika, usimtaje mtu mpaka uwe na hakika. Ukikosea, sauti uliyomtukania ndiyo hiyo hiyo ya kumwombea radhi. Leo umefanya hivyo. Ndiyo sababu narudi kazini."

Akakitoa kiredio cheusi, akamnyooshea Aol.

"Chaji imekwisha."

Aol alikipokea kwa mikono miwili. "Nitachaji tu, Afande."

"Na ukiona kitu kimekaa vibaya?"

"Nitakuja kukuuliza."

"Haya," Afande akasema, akatafuta fimbo yake. "Nenda, kabla umeme haujakatika."