Uso wa Kwanza Baada ya Mwezi

Aliyeisimulia kwanza ni Zalak, binti wa pekee wa Narendra na Bhagwati, Desemba ya mwaka 2024, jikoni kwake Upanga. Yeye aliipata kwa mama yake.

Ilikuwa jioni ya Idi, Aprili ya mwaka huo. Mvua ilikuwa imekatika, maduka ya Kariakoo yamefungwa. Bhagwati alikuwa akirudi na dawa za mumewe, akipanda ngazi za jengo lao, mkono ukutani, akipumzika kila ngazi zilipokata kona. Tangu Narendra atoke hospitali na moyo wake mbovu, Bhagwati hakuwa amepata usingizi wa maana. Alikuwa amechoka hata kuogopa.

Ghorofa ya pili alimkuta Elieshi, muuza sufuria, akipanga stoo yake.

"Shikamoo, Mama Zalak. Pumzika basi, leo sikukuu."

"Marahaba. Bado niende juu kuona mwezi."

"Mwezi si waliuona jana? Pilau yenyewe imeshaliwa!"

"Huo ulikuwa wa pilau. Wangu ni wa leo."

Katika ukoo wao, mara moja kwa mwaka, mwezi mwandamo unapopita karibu na Kilimia, kile kishada cha nyota, mwanamke huutazama, kisha hufumba macho na kumwita anayetaka abaki naye. Uso wa kwanza atakaouona baada ya mwezi ndio atakaokaa nao mwaka mzima. Bhagwati alitaka uso mmoja tu. Madaktari walishamwambia asitarajie mengi.

Alimpa mumewe dawa, chumbani kwao ghorofa ya tatu.

"Tangulia," Narendra akasema. "Ukiwa tayari, niite. Nitajikongoja."

Juu kwenye paa la zege palikuwa na matangi meusi ya maji, basi. Mwezi ulikuwa umelala chali katikati ya maghorofa mawili mapya, Kilimia juu yake kidogo, kama punje za mchele zilizomwagika.

Akautazama. Akafumba macho.

Sasa, Bhagwati alilelewa kwamba mke halitaji jina la mumewe. Hakuwahi kulitaja. Nyumbani alisema "njoo" tu, na ilitosha, kwa kuwa walikuwa wawili.

"Njoo!" akaita.

Kandambili zikaitika. Taratibu... zikiburuzwa...

Amewahi, alijisemea. Lakini mbona hakohoi?

Ikaja harufu ya utambi wa taa ya samli uliozimwa sasa hivi. Kandambili zikasimama mbele yake. Baridi ikamgusa usoni.

"Fumbua," sauti ikanong'ona.

Kope zilikuwa nzito kwa uchovu. Kufumbua tu, yaishe, akalale...

Ndipo akasikia kikohozi.

Kikohozi cha Narendra.

Kilitoka chini, kwenye ngazi.

"Wewe ni nani?" Bhagwati akanong'ona.

"Umeniita."

"Nimemwita mume wangu."

"Hukutaja jina."

Kidole baridi kikapita juu ya kope zake, polepole, kama cha mtu anayepapasa kitasa gizani.

Bhagwati akavuta pumzi.

"Narendra! Narendraaa!"

Elieshi aliusikia ukelele huo kule stoo. Alimkuta mzee ameketi kwenye ngazi, anahema, akambeba mgongoni. Bhagwati hakufumbua. Alisubiri mpaka kiganja chenye joto, kinachonuka dawa ya kuchua, kilipomshika shavu.

"Bhagwati, ni mimi. Miaka yote hii, kumbe jina langu unalijua!"

Akafumbua. Ni yeye. Akalia.

Lakini Narendra hakuwa akimtazama. Alipotokeza juu mgongoni kwa Elieshi, mwezi ulikuwa mbele yake, na hakuna aliyemkumbusha afumbe macho. Alikuwa akiangalia nyuma ya mkewe, kwenye matangi.

"Yule nani?"

Elieshi akageuka. "Wapi, mzee? Matangi hayo."

Usiku ule Narendra alijibana ukutani, akaacha nafasi kitandani. Bhagwati alilala upande wa pili wa nafasi hiyo. Katikati palinuka utambi.

Bhagwati alifariki Novemba, usingizini, mumewe kando yake, kama alivyotaka. Aprili iliyofuata, mwaka ulipotimia na mwezi kurudi kwa Kilimia, Zalak alimsihi baba yake autazame, afumbe macho, kisha amwone yeye kwanza. Mzee alikataa. Alisema amechoka, na mwenzake wa kule paani ameshaizoea nyumba.

Narendra yu hai, anakaa Upanga kwa bintiye. Zalak yu hai. Elieshi yu hai, bado anauza sufuria. Huyo mwingine, hakuna ajuaye ahesabiwe upande gani.