Mama Mkwe Barabarani

Makhanu alikuwa fundi wa nguo. Cherehani yake ilikaa kwenye veranda ya duka moja mjini Kakamega. Nyumbani kwake kulikuwa nje ya mji, kando ya barabara ya Mumias. Kila asubuhi alienda mjini kwa miguu. Alifika na vumbi mpaka magotini, na wateja wamekwisha kununa.

Mwaka ule miwa ilitupa raha. Huyu aliezeka mabati, yule alinunua redio. Makhanu alipolipwa miwa yake alinunua baiskeli. Lakini si ile nyeusi, nzito, tuliyoizoea. Ilikuwa baiskeli ya mashindano! Tairi zake zilikuwa nyembamba. Usukani ulipinda kama pembe za kondoo. Majirani wote walikuja kuiangalia, nami nikiwemo.

"Baba Lazarus," mkewe Awinja aliuliza, "usukani umeangalia chini kwa nini?"

"Ili mtu ainame."

"Ainame kwa nini?"

"Ili upepo usimshike."

"Na magari atayaonaje? Kwa kisogo?"

Makhanu aliinama akapangusa tairi. Mtu mzima amenunua kitu ambacho hakijui!

Njia za kijijini alizipita vizuri. Kisha ikafika siku ya soko, akaenda mjini na baiskeli yake. Siku hiyo Kakamega ilijaa. Kulikuwa na mabasi, mikokoteni, na matrekta yanayovuta trela za miwa. Makhanu aliinama. Alienda kasi, tena ukingoni kabisa mwa lami.

Mara akaona mtu mbele yake, upande ule ule wa kushoto. Alikuwa na kikapu kichwani. Makhanu alimtambua kwa mwendo. Alikuwa Mama Milcah, mama yake Awinja. Mama mkwe!

Kwetu, mtu na mama mkwe wake hawakaribiani. Ukimwona njiani unampisha. Unaingia hata kwenye majani, unageuza uso, naye anapita. Hiyo ndiyo heshima.

Basi Makhanu akafanya heshima. Aliitupa baiskeli kulia, katikati ya barabara, bila kuangalia nyuma. Nyuma kulikuwa na trekta. Honi ililia. Makhanu alikamata breki ya mbele kwa nguvu zake zote. Gurudumu la mbele likasimama, yeye akaendelea. Aliruka juu ya usukani akaangukia viganja.

Trekta lilisimama karibu na miguu yake. Mama Milcah alitupa kikapu chini, akajifunika uso kwa leso.

"Mnisaidie, watu wa Mungu!" alilia. "Ni mkwe wangu! Mimi siwezi kumshika!"

Watu walimwinua Makhanu wakamleta nyumbani. Jirani yao, Sista Ayuma, alikuja kumsafisha vidonda. Ayuma ni muuguzi. Miaka mingi amezunguka kwa wagonjwa na mjini kwa baiskeli yake nzito.

Awinja alisimama mlangoni akilia kwa hasira. "Baba Lazarus, mikono hii ndiyo inatulisha. Baiskeli irudi dukani!"

"Ngoja kwanza, Mama Lazarus," alisema Ayuma. "Makhanu, ulianguka kwa nini?"

"Ni mama mkwe."

"Mama mkwe hakukusukuma. Uliangalia nyuma kabla ya kuhama?"

"Sista, niangalie nyuma na mama mkwe yuko mbele?"

Hata Awinja alicheka kidogo. "Nitamfundisha kuiendesha," alisema Ayuma. Awinja akakaza uso. "Haya, mfundishe. Lakini akirudi tena na damu, nitairudisha mimi mwenyewe." Na Awinja akisema kitu, anafanyanga.

Viganja vilipopona, Makhanu na Ayuma walikutana uwanja wa shule baada ya kanisa.

"Wacha niionje," alisema Ayuma. Alipanda, akayumba, nusura aingie golini. "Ii! Hii inakimbia kabla sijaiambia!" Alirudi akicheka, akainama kuzichunguza breki. "Kumbe hii haina subira. Basi anza breki mapema. Shika zote mbili, polepole. Ukikaba ya mbele peke yake, itakutupa tena."

"Na mikono niweke wapi?"

"Mjini shika juu ya usukani, si kule chini. Kichwa kiwe juu, uone."

Kisha Ayuma alisimama nyuma yake. "Nenda. Nikikuita, angalia nyuma uniambie nimeinua vidole vingapi."

Mara ya kwanza Makhanu aligeuza kichwa, na baiskeli ikafuata kichwa. Akaenda zigizaga mpaka kwenye nyasi. Alirudia na kurudia. Mwishowe aliita, "Vitatu!" na baiskeli ikaenda moja kwa moja. Alifurahi kama amepata cheo.

"Sasa sikiliza," alisema Ayuma. "Kaa kushoto, lakini usibane ukingo. Acha nafasi kama urefu wa mkono. Ukitaka kuhama, angalia nyuma, nyoosha mkono, kisha uhame. Kama kuna gari, ngoja. Usiende ubavuni mwa trela. Dereva hakuoni. Na majani ya miwa yakilowa barabarani, yanateleza. Punguza mwendo mapema."

"Na nikimwona mama mkwe?"

Ayuma alikuna kichwa. "Hilo sikufundishwa. Lakini heshima haikimbii. Inaweza kungoja mpaka usimame."

Siku nyingine ya soko Makhanu aliingia mjini kichwa juu. Na kweli, mbele yake, kikapu kile kile! Mikono ilitaka kukata kona. Aliangalia nyuma. Trekta! Hakuhama. Alishika breki zote mbili polepole, akabaki nyuma ya Mama Milcah. Trekta likapita. Aliangalia tena, barabara ilikuwa tupu. Akanyoosha mkono, akampita kwa mbali. Huko mbele alisimama, akaiondoa baiskeli kwenye lami, akageukia ukuta wa duka akingoja.

Nyayo zilikuja, zikasimama nyuma yake.

"Wewe ukuta," sauti ya Mama Milcah ilisema, "mwambie mkwe wangu leo amenipa heshima kamili. Tena umuulize, hizo pembe zimepinda kwa nini?"

Makhanu aliusogelea ukuta. "Ukuta, mwambie mama ni kwa ajili ya upepo. Lakini mjini siinami."

"Mungu asifiwe," alisema Mama Milcah, akaenda zake.

Jioni Awinja alimngoja mlangoni. "Lete mikono," alisema. Aliigeuza huku na huku chini ya taa. Ilikuwa na chaki ya kushonea tu. Aliishika kwa muda.

"Haya," alisema. "Iingize ndani baiskeli yako, isinyeshewe."