Mabao Saba ya Kipindi cha Pili

Maiti ya mzee ilikuwa imelala kifudifudi nyuma ya mlango wa stoo ya vifaa, mkono wa kulia umenyooshwa kuelekea kizingiti. Juu ya sikio, mvi zake zilikuwa zimegandamana kwa damu. Nje, kwenye jukwaa, watu walikuwa bado wanabishana kuhusu mechi.

Inspekta alichuchumaa karibu na maiti bila kuigusa. Alikuwa mama wa makamo, mtu wa maneno machache, na hakuwahi kutazama mpira hata siku moja ukaisha. Sajini wake ndiye aliyekuwa mpenzi wa mpira. Siku hiyo hakuwa kazini, alikuwa amekaa jukwaani kama watu wengine, na ndiye aliyempigia simu.

Marehemu alikuwa mtunza vifaa wa timu ya shule. Wanafunzi walimwita Mzee Jezi. Yeye ndiye aliyefua sare zao, akashona mipira iliyofumuka, akawafokea wakiingia chumbani na viatu vyenye tope. Mjukuu wake, aliyemlea peke yake tangu mtoto alipofiwa na wazazi, alikuwa kipa wa timu hiyo hiyo.

Kijana huyo alikuwa koridoni, amekaa sakafuni na glovu moja mkononi, anautazama ukuta. Hakuwa analia.

Aliyeeleza mambo yote alikuwa kocha, mwalimu wa michezo, mtu mwembamba mwenye sura ya uchovu. Shuleni walimpachika jina Nusura, maana mwaka baada ya mwaka timu yake ilifika nusu fainali na kuishia hapo. Mechi ya leo nayo ilikuwa nusu fainali.

"Ameteleza," kocha alisema. "Alikuwa humu peke yake. Mechi ilipoisha nikaja kuchukua mifuko, nikamkuta hivyo."

"Mlango ulikuwa umefungwa kwa ufunguo?"

"Hapana. Umerudishiwa tu."

Inspekta aliitikia kwa kichwa akaendelea kutazama. Mwisho wa stoo kulikuwa na benchi la zege lililojengewa ukutani, na kwenye kona yake nywele za mvi zilikuwa zimenasa. Kutoka hapo michirizi ya damu ilipita katikati ya mipira mpaka mlangoni. Mzee alikuwa ametambaa. Na upande wa ndani wa mlango, juu ya kitasa, palikuwa na alama za vidole vyenye damu.

Alikikagua kitasa kile, kisha akatoka.

"Afande, umeona kitu?" Sajini aliuliza.

"Mzee alikishika kitasa akakizungusha. Mlango uliorudishiwa tu ungefunguka."

Alikwenda kukaa sakafuni kando ya kipa, bega kwa bega, akamuuliza taratibu jinsi babu yake alivyopatikana. Kijana alijibu kwa sauti kavu. Mechi ilipoisha alikwenda moja kwa moja kumtafuta babu. Alitaka kumwambia kwamba wenzake walikuwa wamemwacha uchi mbele ya watu. Aligonga, hakujibiwa. Kocha akaja mbio, akatoa ufunguo kwenye mfuko wa suruali yake ya michezo, akafungua. Mlango ulikuwa mzito. Walipousukuma, ndipo wakajua ulikuwa unasukuma nini.

"Ufunguo ulitoka mfukoni mwa kocha? Una uhakika?"

"Ndiyo, mama. Kwani kuna nini?"

Inspekta alimwambia ampe muda kidogo. Kidole cha shahada cha kijana kilikuwa kimevimba kama ndizi. Alimwita mhudumu wa afya, akakaa naye mpaka kidole kilipofungwa vizuri.

Ndani ya gari, aliomba asimuliwe mechi. Sajini alisimulia kama mtu aliyefiwa. Kipindi cha kwanza vijana walicheza mpira wa kuoneshwa televisheni, wakaenda mapumziko wakiongoza bao moja bila. Waliporudi walikuwa watu wengine. Mabeki walisimama kama milingoti. Kipa peke yake ndiye aliyekuwa anaruka huku na huku, anawafokea wenzake, anawaita wasaliti. Wakafungwa mabao saba.

"Timu inaweza kubadilika hivyo kwa kuchoka?"

"Kuchoka kupo, afande. Lakini wale hawakuchoka. Walikuwa kama hawapo."

Sajini alikuwa amerekodi vipande kwa simu. Inspekta aliitazama video ya bao la pili, akairudia. Mshambuliaji wa wapinzani alipita na mpira hatua chache kutoka kwa nahodha, kijana mrefu anayecheza beki wa kati. Nahodha hakumtazama. Shingo yake ilikuwa imegeukia pembeni, kwenye korido inayoelekea vyumba vya kubadilishia nguo. Kwenye bao la tatu vilevile. Kwenye la nne, mabeki wote walikuwa wanatazama huko.

"Kuna kitu kilitokea mapumzikoni," Inspekta alisema. "Wote wanakijua isipokuwa kipa."

Asubuhi, daktari wa uchunguzi wa maiti alimpa majibu kwa simu. Fuvu lilipasuka, damu ikavujia ndani polepole. Mzee hakufa palepale. Aliishi karibu kipindi chote cha pili. Na hospitali, daktari aliongeza, ilikuwa ng'ambo ya barabara ya uwanja tu.

Mama yake nahodha alikuwa fundi cherehani. Aliwapokea katika chumba kilichojaa vipande vya vitambaa, mashine imezimwa, nguo ya mteja imeachwa nusu chini ya sindano. Aliwaambia mwanawe hajala tangu jana, amegeukia ukutani, akiulizwa hasemi. Inspekta alimwomba akae nao wakati wa mahojiano, maana kijana alikuwa bado mtoto kisheria.

Nahodha alikuja amevaa shati la shule. Alikuwa mrefu kuliko mlango, lakini alikaa kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Kwa nini ulikuwa unatazama korido?" Inspekta aliuliza.

Mama yake alimwekea mkono mgongoni.

"Nilikuwa nasubiri nesi."

Basi yakamwagika yote. Kipa alikuwa ameumia kidole mwishoni mwa kipindi cha kwanza. Mzee Jezi alikigusa akajua kimevunjika, akamwacha mjukuu kwenye benchi la nje, mkono ndani ya ndoo ya barafu, akaingia stoo kuzungumza na kocha. Mlango ulikuwa wazi, wachezaji wote walisikia. Mzee alitaka mtoto atolewe. Kocha alikataa, kwa kuwa kipa wa akiba alikuwa hawezi kudaka hata salamu. Mzee akasema basi atakwenda kwa refa mwenyewe, akampita. Kocha akamvuta na kumsukuma.

"Mlio wa kichwa tuliusikia wote," nahodha alisema. "Kocha akatwambia amezimia tu, nesi anakuja, tutoke tukacheze. Mimi nilitoka wa mwisho. Nikamwona anafunga mlango, ufunguo akautia mfukoni. Halafu akaja kukaa kwenye benchi, hakwenda kumwita mtu yeyote."

"Ukamwambia nani?"

"Hakuna. Kocha alisema kipa akijua atatoka, na tutafungwa. Kila mpira ukija nilikuwa nasema, nesi akipita pale nitacheza. Hakupita. Na kipa nyuma yangu ananifokea, ananiuliza nimekula nini. Sikuweza hata kugeuka."

Mama yake alianza kulia kabla yake.

Kocha walimkuta ofisini kwake, chumba chembamba chenye nyavu na koni, amekaa gizani na mapazia yamefungwa. Hakushangaa kuwaona. Inspekta alimsomea haki zake, akavuta kiti.

"Ufunguo ulikuwa mfukoni mwako."

Kocha alipeleka mkono mfukoni.

"Ulimwacha penye benchi la zege. Ulimkuta wapi?"

Kocha alifumba macho.

"Mwalimu, nimekuuliza. Ulimkuta wapi?"

"Mlangoni," alisema. "Nilisukuma mlango, ukagoma. Nikajua amesogea. Nikajua alikuwa hai."

Baada ya hapo hakuhitaji kuulizwa sana. Hakukusudia kumuua, alisema, alikusudia kumzuia tu. Alipoona damu, wazo la kwanza lilikuwa gari la wagonjwa, na wazo la pili lilikuwa kwamba gari likiingia, mechi imekwisha. Miaka yote wamemcheka. Hata watoto wake mwenyewe walikuwa wakichokozwa njiani kwa jina lile. Safari hii alikuwa anaongoza, amebakiza kipindi kimoja tu afike fainali. Akajiambia mzee ataamka, watapatana, watacheka.

"Na ulipofungwa la tatu? La nne? Mechi ilikuwa imeshakufa. Kwa nini hukwenda kufungua?"

"Niliogopa," kocha alisema. "Kila bao lililoingia, muda ulikuwa umezidi, nami nikazidi kuogopa nitakachokikuta. Nikawa naomba filimbi isipulizwe."

Sajini, aliyekuwa anaandika maelezo, aliweka kalamu chini akatazama dirisha.

Inspekta alimpeleka mtuhumiwa kituoni, kisha akaenda nyumbani kwa marehemu kabla habari haijamfikia mjukuu kupitia midomo ya watu. Majirani walikuwa wamejaa uani, wamekaa kimya. Kipa alimsikiliza amesimama, mkono umefungwa bandeji. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kumbe ni mimi," alisema. "Ni kwa ajili ya kidole changu."

"Si wewe, mwanangu. Ni yule aliyemsukuma na kumfungia."

Hakuonekana kusikia. "Wenzangu nao walijua?"

"Walijua ameanguka. Waliambiwa nesi anakuja."

"Niliwatukana. Mbele ya watu wote niliwaambia wameuza mechi."

Getini alikuwa amesimama nahodha na mama yake. Hawakuthubutu kuingia. Kipa alipowaona alitoka, na watu uani wakageuza shingo, wengine wakajiandaa kuamulia. Inspekta alimfuata kwa nyuma.

Vijana wale wawili walitazamana. Nahodha ndiye aliyeanza, na alichokisema hakikuwa katika maelezo yake ya polisi.

"Kabla kocha hajafunga mlango, nilirudi ndani kuchukua kitambaa cha unahodha, nikamkuta babu amefumbua macho. Aliongea. Alisema, 'Mtoeni mtoto.' Nikamwambia sawa, babu. Nilimwambia sawa, halafu nikakuacha ucheze."

Inspekta alisogea hatua moja, akidhani kipa atampiga. Hakupiga.

"Sauti yake ilikuwaje?" kipa aliuliza.

"Kama kawaida yake," nahodha alisema. "Kama anavyotufokea tuvue viatu."

Hapo ndipo kipa akalia, kwa mara ya kwanza tangu jana, kwa sauti, mabega yakitikisika. Nahodha alibaki amesimama mbele yake, mikono inaning'inia, hajui kama anaruhusiwa kumshika.